Siku ya Kwanza ya Kulungu

Kabla hujaniuliza, nakujibu: mimi si adui wa bunduki. Nimezaliwa katika bonde hili la West Virginia, nimekuzwa kwa nyama ya kulungu, na wa kwanza nilimwangusha mwenyewe nikiwa na miaka kumi na miwili. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi ukifungua mdomo tu watu wanakutafutia upande. Huku kwetu upande ni mmoja, na ukitoka humo hata kanisani benchi lako linabaki tupu.

Lyle ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Mgodi wa makaa ya mawe ulipofungwa akabaki hana kazi, na mwezi wa nne mkewe akafungasha vyake akahamia Ohio. Agosti akanipigia simu mchana kweupe, niko jikoni shuleni ninapopikia watoto, akaniambia kama namtaka mbwa wake nije nimchukue. Mtu hagawi mbwa wake hivihivi. Nikavua aproni nikaondoka bila kuaga.

Nilimkuta amekaa barazani, hajanyoa wiki nzima. Mbwa nikampandisha garini. Bunduki zake tano alizitoa mwenyewe, akazipanga nyuma ya gari langu na kuzifunika blanketi.

"Dada, usinirudishie," akasema. "Hata nikikulilia."

"Hata ukilia machozi ya damu," nikamwambia.

Nikazifungia kwenye kabati la vifaa la marehemu mume wangu, ufunguo nikautumbukiza kwenye kopo la unga. Kwa miezi mitatu Lyle alikuja kula kwangu kila Jumapili, na kila Jumapili alicheka zaidi kidogo. Na mimi nikaanza kupata usingizi.

Kumbe Novemba nayo inakuja! Jumatatu ya kwanza ya msimu wa kulungu huku shule hufungwa, na fundi wa magari humpati hata umlipe dhahabu. Mwanamume asipoonekana msituni siku hiyo, watu huulizana anaumwa nini.

Wiki mbili kabla yake, makamishna watatu wa kaunti wakaitisha mkutano mahakamani. Walitaka kupitisha azimio kwamba kaunti yetu haitatekeleza sheria yoyote, ya jimbo wala ya Washington, itakayomnyang'anya mtu bunduki. Ukumbi ulifurika hadi kwenye ngazi. Nilikwenda na karatasi yangu. Nilitaka jambo moja tu: ndugu akiona mwenzake anaelekea kujitoa roho, awe na hakimu wa kumkimbilia, asiachwe peke yake na ufunguo kwenye kopo la unga.

Kila msemaji alipewa dakika mbili, na karani alizipima kwa saa ya kuchemshia mayai. Zamu yangu ilipofika nikasimama na kukunjua karatasi.

"Verna, rudi kwenye maharage yako!" Dewey, mwenye kituo cha mafuta, akapaza sauti kutoka nyuma.

"Maharage yangu yamewalea wanao wote watatu, Dewey, na wamekupita akili," nikamjibu, ukumbi ukaangua kicheko.

Nikasoma. Jina sikutaja, nilisema tu kuna mtu ninayemfahamu. Sikufika hata katikati ya karatasi, Lyle akanyanyuka kwenye kiti cha nyuma, uso mwekundu, kofia mkononi.

"Huyo mtu ni mimi," akasema. "Bunduki zangu tano ziko kwake tangu Agosti. Sherifu, nimemkosea nani?"

Lo! Nilitamani sakafu inimeze. Sherifu wetu, Clell, mkuu wa polisi wa kaunti, nilisoma naye darasa moja, na si mtu mbaya. Alijikuna shingo kwanza.

"Verna, kisheria hizo ni mali yake," akasema. "Akizitaka leo, unampa leo. Sina karatasi yoyote ya kukusaidia."

Watu wakapiga makofi. Saa ya mayai ikalia, nikakaa, na kura ikapangwa kupigwa wiki ya kufunguliwa msimu.

Nje, kwenye maegesho, Lyle akanifuata pamoja na binamu yetu Orrin.

"Nisamehe, dada."

"Umenivua nguo mbele ya watu, Lyle."

"Na mimi je? Dewey ameona gari langu halina bunduki, kila siku ananiuliza kama mwaka huu nitawinda kwa manati. Nipe moja tu, ile ya baba. Nisipokwenda, wote watajua nimeharibika."

"Uliniambia nisikurudishie hata ukilia."

"Sasa nalia? Nakula, nalala, nacheka. Hebu niangalie." Akanichekea, na kweli kilikuwa kicheko chake kile cha utotoni.

"Mimi nitakuwa naye, Verna," Orrin akasema. "Tunakwenda pamoja, tunarudi pamoja."

Pamoja! Mimi binti wa mwindaji, mke wa mwindaji, nikalimeza neno hilo. Pamoja ni ndani ya gari tu. Mkishafika, kila mmoja anapanda juu ya mti wake na kukaa kimya peke yake tangu gizani, na jirani yake hamwoni. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Nikaliacha lipite kwa sababu nilitaka mno mdogo wangu awe amepona. Nikampa.

Jumatatu ile niliamka alfajiri nikabandika maharage, nikatia mkate wa mahindi kwenye oveni. Mama alitufundisha kuhesabu milio ya bunduki toka jikoni: huo wa mtoni ni wa fulani, huo wa bondeni ni wa fulani. Saa moja na dakika ishirini ukaja mmoja, mmoja tu, kutoka kilima cha Orrin.

"Huyo Lyle!" nikamwambia mbwa. "Amepata!"

Nilipiga makofi, Mungu anisamehe. Nikaongeza maji kwenye maharage, maana wangerudi na njaa.

Saa nne Orrin akaja peke yake. Alisimama kwenye ngazi na fulana yake ya wawindaji ya rangi ya chungwa, hakuweza kuingia. Nikazima moto chini ya maharage.

Watu walileta nyama ya msibani hadi friji ikakataa kufungika. Dewey alileta paja zima, akalia mlangoni kwangu kama mtoto. Nikalipokea, ningefanyaje? Azimio waliliahirisha wiki moja kwa heshima ya msiba, kisha likapita, watatu kwa sifuri. Kabla ya kura walisimama dakika moja kimya kwa ajili ya Lyle, na karani akaipima kwa saa ileile ya mayai.

Siku ya pili yake Clell akaja na sanduku refu, ndani yake ile bunduki ya baba.

"Wewe ndiye ndugu wa karibu," akasema. "Kisheria hii sasa ni yako."

"Naweza kukataa?"

"Unaweza kuiuza. Msimu haujaisha, itapata mtu upesi." Akainamisha macho. "Weka sahihi hapa, Verna."

Nikaweka. Nikaifungia pamoja na zile nne, ufunguo nikaurudisha kwenye kopo la unga. Namficha nani, sijui. Humu ndani naishi peke yangu.