Kitabu cha Wageni Chaenda Arua

Katika nyumba ya Mzee Nasiri Yugu, ukingoni mwa mji wa Koboko, mgeni hakuondoka kabla ya kuandika katika kitabu. Tarehe, jina, sababu ya kuja, na jambo alilolikuta: safu nne zilizopigwa kwa rula, kama mzee alivyofundishwa alipokuwa karani wa jeshi. Majirani walimcheka kwa hilo. Jale, fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara, alizoea kumwuliza kama kuku wake aliyevuka ua juzi naye alitia sahihi. Mzee hakucheka. Alijibu kwamba kuku huyo hakuweza kueleza sababu ya kuja.

Kitabu kilikuwa na sheria moja zaidi: hakikutoka nje ya nyumba. Watu walikuwa wameandika humo habari za posa zilizokataliwa na za ndugu waliokuja kuombana radhi, nao waliandika kwa kuwa waliamini zingebaki pale pale.

Siku ya Jumatatu ilifika barua ya kampuni ya simu. Mzee aliisoma akiwa amesimama. Kampuni ilimdai shilingi laki tatu na elfu kumi, gharama ya kutengeneza waya ulioharibiwa na mteja. Asipolipa kufikia Ijumaa, laini ingekatwa.

"Wanasema nini?" aliuliza mkewe, Zam, kutoka kwenye kiti chake kando ya simu.

"Wanasema tumeharibu waya wao."

"Mimi na macho haya? Waya ningeuona wapi?"

Zam alisema kwa utani, lakini mkono wake ulikwenda ukatulia juu ya simu. Macho yake yalikuwa yakififia kwa mwaka wa tatu sasa. Simu za mkononi, zenye uso laini kama sahani, hazikumfaa. Hii ya mezani aliijua kwa vidole, kila kitufe mahali pake. Kwa simu hiyo alizungumza na binti yao Medina aliyeolewa Juba. Kwa simu hiyo pia angeita msaada akizidiwa wakati mzee yuko shambani Lurujo. Bila simu hiyo, mzee asingeweza kumwacha peke yake hata kwa asubuhi moja.

"Baba Medina," Zam alisema, "ile karatasi ya fundi wa simu uliisoma?"

Mzee aliinama kufunga kamba za viatu, ingawa hakuwa akienda popote.

Aliikumbuka siku ile vizuri. Fundi Moris alikuwa amekuja na pikipiki kutoka Arua, akakuta mlingoti wa kampuni, uliosimama nje kabisa ya ua, umeliwa na mchwa, umeanguka na kuukata waya. Alifanya kazi hadi adhuhuri bila kupumzika. Zam akamwandalia kuku na ugali wa muhogo, naye akala kwa shukrani, akaandika katika kitabu, kisha akatoa fomu ya kampuni. Mzee aliitia sahihi pale alipoonyeshwa kwa kidole.

Siku ya Jumatano, kwa mara ya kwanza tangu kianze kuandikwa, kitabu cha wageni kilitoka nyumbani, kimefungwa katika kitambaa cheupe.

Ofisi ya kampuni ilikuwa Awindiri, mjini Arua. Aliyempokea ni Norah, mwanamke wa makamo aliyeshughulikia malalamiko. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaigeuza fomu ili mzee aione.

"Mzee wangu, mimi nakusikia. Lakini karatasi iko na sahihi yako."

Ilikuwepo. Sahihi yake mwenyewe, na mstari wake ulionyooka chini yake, na juu yake, penye sababu ya uharibifu, alama katika kisanduku kilichoandikwa "mteja." Mzee alihisi masikio yake yakipata moto. Kwa miaka mingi alikuwa amewaonya makarani vijana wasitie sahihi wasichokisoma, hata aliwahi kumwadhibu mmoja wao kwa kosa hilo hilo.

"Sikuisoma," alisema.

"Kwa nini, mzee? Mtu ya shule kama wewe?"

"Alikuwa amekula kwangu. Mtu akishakula nyumbani mwako, hukagui karatasi yake mbele ya macho yake kana kwamba unatafuta wizi."

Norah alitazama meza. "Hata kwa baba yangu iko hivyo," alisema taratibu. "Lakini kompyuta haijui kama Moris alikula."

Hapo mzee akafungua kitambaa. Ukurasa wa siku ya Moris alikuwa ameufunika kwa karatasi mbili zilizobanwa kwa pini, ukabaki mstari mmoja tu wazi.

"Usiinue karatasi hizo, binti yangu. Kuna watu humo."

Norah alisoma kwa sauti: "Moris, fundi ya simu. Kutengeneza laini. Mti ya kampuni imekuliwa na mchwa, imeanguka, imekata waya. Chakula ya mama iko nzuri sana." Akautazama tena mwandiko ule, kisha akafungua dirisha na kumwita Moris aliyekuwa uani akipanga ngazi.

Moris aliingia akijifuta mikono. Alipomwona mzee alimwamkia kwa mikono miwili. "Mzee, mama iko mzima?"

"Mzima. Anaogopa kukatiwa simu."

Norah alimwonyesha fomu, kisha kitabu. Moris aliinama akavilinganisha.

"Ni mkono yangu," alisema. "Yote mbili."

"Basi wewe ni yupi kati ya hao wawili?" mzee aliuliza.

"Mzee, hii fomu iko na nafasi mbili tu. Radi, na mteja. Mchwa haiko. Siku ile radi haikupiga, nikaona nikiweka radi nitadanganya."

"Ukaogopa kuisingizia radi," alisema Norah, "ukamsingizia mzee."

"Nilifikiri ofisi itaniuliza. Sikujua itakuwa deni. Chakula ya mama, mimi nililipa hivyo?"

Tangu Koboko mzee alikuwa amebeba maneno makali, ameyapanga kwa mfuatano. Sasa aliyatafuta, akaona mengi yangemrudia mwenyewe.

"Wote wawili tuliweka mkono pasipostahili," alisema. "Tofauti ni kwamba wewe ulikuwa umeisoma fomu."

Moris aliomba kalamu, akaandika maelezo yake yote kuhusu mlingoti, akataja mchwa mara tatu. Norah aliyachukua pamoja na kitabu kwenda kwa meneja. Mzee naye akainuka, akakifuata kitabu chake. Waliporudi, Norah alipiga chapa barua fupi: deni limefutwa, laini haitakatwa, kosa ni la mlingoti wa kampuni. Meneja aliigonga muhuri, na pakabaki nafasi ya sahihi ya mteja.

Wakati huo Moris alikuwa ameleta chai ya maziwa na mandazi mawili, akaviweka mbele ya mzee. Mzee alivisogeza kando.

"Chai itapoa, mzee," alisema Norah.

"Na ipoe. Nikishainywa, sitaweza kuikagua barua yako."

Alivaa miwani. Alisoma kuanzia tarehe hadi muhuri, kisha akarudia kuanzia tarehe. Norah na Moris walisimama kama watu wanaosomewa hukumu. Mwishowe alitia sahihi, akapiga mstari wake chini, akaomba apigiwe simu nyumbani.

Zam alipokea kabla mlio wa pili haujaisha.

"Mama Medina, laini inabaki."

"Alhamdulillah. Na hao watu, wamekupa chakula?"

"Wamenipa chai."

"Karatasi yao umeisoma?"

"Nimeisoma mara mbili."

"Basi kunywa," alisema Zam.