Mashine za Mary Ann

Desemba ya mwaka 2006 Kabura alimpeleka bintiye, Mary Ann, kwa nyanya yake mzaa baba, karibu na Chwele, akae huko wiki tatu za likizo. Mtoto alikuwa na miaka saba na alivaa mashine za kusikia masikio yote mawili. Kabura, fundi cherehani wa Kitale, alikuwa hajawahi kuziacha mikononi mwa mtu mwingine hata siku moja.

Siku ya tisa wifi yake Jentrix, anayeuza vitunguu sokoni Chwele, alimpigia simu.

"Mama Mary Ann, sipendi maneno, lakini nimemuona mtoto mtoni na wenzake. Masikio matupu."

"Mashine ziko wapi?"

"Sijui. Ila mama nimemuona kwa fundi wa simu mara mbili. Alikuwa na kitu kidogo amefunga kwa leso."

Kabura alifunga duka saa hiyo hiyo. Tangu aolewe na Wekoye alihisi kwamba mama mkwe, Nabwile, aliziona zile mashine kama aibu ya ukoo. Ukweni waliwahi kusema ati mtoto angepelekwa kuombewa, masikio yangefunguka yenyewe. Sasa alijiuliza kama zimetupwa, au zimebadilishwa kwa kitu huko sokoni.

Alipofika Chwele alianzia kwa fundi, kijana aitwaye Kiplimo, aliyekuwa amezungukwa na simu zilizofunguliwa.

"Kuna mama alikuletea mashine ya masikio, imefungwa kwa leso?"

Kiplimo alimtazama, akatazama chini. "Alileta, lakini alinikataza kuifungua. Mengine muulize mwenyewe."

Jibu hilo lilimchoma kuliko kama angekataa kabisa.

Nabwile alikuwa uani anageuza mahindi juani. Alipomuona Kabura alisimama ghafla, akajifuta mikono kwa kanga.

"Karibu, Mama Mary Ann. Mbona hukusema unakuja?"

"Mama, mashine za mtoto ziko wapi?"

"Ziko salama. Kunywa chai kwanza."

"Sitaki chai. Nionyeshe."

Mary Ann alitokea nyuma ya nyumba, nywele zimelowa, masikio matupu. Kabura alimshika mabega, akamtazama usoni ili mtoto asome midomo yake. "Mashine ziko wapi?"

Mtoto alimtazama nyanya yake kwanza. "Kukhu amesema nisikuambie."

Kabura akaingia chumbani, akaanza kusokomeza nguo za mtoto ndani ya mfuko. Nabwile alimfuata, akafungua kabati, akatoa chupa ya plastiki iliyojaa mchele mkavu. Aliumimina kwenye sinia. Mashine mbili zikatokea, na betri zake zimefungwa kando kwa karatasi.

"Aliruka mtoni nazo," alisema. "Wenzake walikuwa wanamuita, akaogopa akizitoa hatawasikia. Nilipomtoa majini alilia akisema utampiga. Nikamuahidi nitanyamaza mpaka zipone."

"Na kwa fundi ulienda kufanya nini?"

"Kuuliza simu ikilowa wanafanyaje. Akasema toa betri, weka kwa mchele. Alitaka kuifungua, nikakataa. Mimi sijui hizi vitu, lakini najua si simu."

Kabura alikaa kitandani. Alitaka kuomba msamaha, ila bado alikuwa na hasira.

"Ungenipigia, Mama."

"Ulinipa mtoto, hukunipa maelezo. Hukuniambia zinaogopa maji, wala zinawekwa wapi akienda kuoga. Ulidhani nitaziuza?"

Kabura aliinamisha macho kwenye sinia. Nabwile aligeuza uso.

Walirudisha betri, wakamvisha mtoto mashine pamoja. Ya kushoto iliamka. Mary Ann alitabasamu aliposikia kuku. Ya kulia ilikoroma tu. Kabura akamuonyesha nyanya jinsi ya kuzipangusa kwa kitambaa kikavu, na kwamba kabla ya kuingia mtoni lazima zitoke na zikae kwenye kisanduku chake, ambacho yeye mwenyewe alikisahau Kitale. Nabwile alirudia kila hatua kwa sauti, kama anayejifunza sala.

Asubuhi walijiandaa kwenda Bungoma, mtaalamu wa masikio aangalie ile ya kulia. Nabwile aliichukua mashine akaisitiri kifuani.

"Acha niibebe mimi," alisema. "Ama bado unanishuku?"

"Kidogo, Mama," Kabura alisema.

Nabwile akacheka, kwa mara ya kwanza tangu jana. "Afadhali umesema."