Moteri ya Kulia

Kanoti ya Hilaire ilikuwa na moteri mbili nyuma, na pale Himbi, kando ya ziwa, hakukuwa na tajiri mwenye chombo cha kuipita mbio. Alhamisi asubuhi alimpigia simu Kamate, fundi wake, aliyekaa mtaa wa Mapendo. Alimwambia kwamba moteri ya kulia inazunguka polepole kuliko ya kushoto, na kanoti inajivuta upande. Jumamosi angekuwa na wageni, kwa hiyo itengenezwe leo.

Kamate alimkuta kwenye gati, uso umemvimba kama mtu aliyekunywa hadi alfajiri.

"Ulinitilia esansi yenye maji," Hilaire alisema hata kabla ya salamu.

"Patron, tanki iko moja. Moteri zote mbili zinakunywa humo humo."

"Usinijibu. Fungua uangalie. Na usiinue moteri juu. Helisi iko muzuri, nimeisha kuiangalia."

Kamate aliweka vyombo vyake chini. Mwaka uliopita Hilaire alimpiga kofi mbele ya wageni kwa sababu ya doa la oili kwenye kiti, na wageni walicheka. Kamate alikuwa na watoto wa kusomesha, basi alicheka nao.

Alianza kazi. Kanoti ikiwa imefungwa kwenye gati, bila gia, moteri zote mbili zilipanda mwendo sawasawa. Aliposukuma gia, ile ya kulia ikashuka, na sakafu ikaanza kutetemeka chini ya miguu yake. Alibadilisha mipira ya esansi, wa kulia akauweka kushoto na wa kushoto kulia. Ubovu ulibaki kulia. Alifungua buji za kutoa cheche, zilikuwa kavu na safi. Alivuta kebo ya gesi, ile ya kuongeza mwendo, ilifunguka mpaka mwisho.

Hapo akajua kwamba moteri ni nzima. Kuna kitu kinaikaba ndani ya maji.

Hilaire alikuwa ameingia nyumbani kupokea simu. Kamate akainua moteri ya kulia.

Helisi, ile inayozunguka majini kusukuma kanoti, ilitoka ikiwa na bawa moja lililokunjika. Nyuma yake, kwenye mhimili, wavu wa kuvulia samaki ulikuwa umejiviringa hadi ukakaza kama kamba ya chuma. Ndani ya wavu kulikuwa na kipande cha ubao uliopakwa rangi ya bluu, rangi ya pirogi, mitumbwi ya wavuvi.

Aliposikia hatua nyuma yake hakugeuka.

"Nilikukataza," Hilaire alisema.

"Patron, ulipiga pirogi."

"Nilipiga muti. Leo asubuhi, kule Nzulo. Kulikuwa ukungu."

"Muti hauna rangi. Mutu alikuwa ndani?"

Hilaire aliangalia ziwa. "Sikusimama. Weka helisi ya akiba. Hiyo ingine, na huo wavu, tupa mu maji."

Kamate alikata wavu kwa kisu, akafunga helisi mpya. Ile ya zamani, ikiwa imefungwa ndani ya wavu, aliiachia ukingoni mwa gati, nayo ikazama. Mikono yake ilifanya yote hayo kama kazi ya kila siku.

Alikuwa bado anakaza nati ya mwisho mwanamke mmoja alipokuja akifuata ufuko, viatu mkononi. Alijitaja kuwa Mukamugema, wa Mugunga. Mume wake, Nizeyimana, alitoka kuvua kabla ya mapambazuko na hakurudi. Tangu asubuhi alikuwa akipita gati kwa gati akiuliza.

"Hamukuona pirogi ya bluu? Bwana yangu, Papa Christa, huwa anatega kule Nzulo."

Kamate alifungua kinywa. Hilaire akamtangulia.

"Pole sana, mama. Upepo wa leo unasukuma vitu upande wa kisiwa cha Idjwi. Tulikuwa tunataka kujaribu moteri. Panda, tutakusaidia kumutafuta."

Mwanamke alishika mkono wa Hilaire kwa mikono yote miwili, akamshukuru.

Walikwenda kusini, wakiiacha Nzulo mbali upande wa kulia. Mukamugema alisimama mbele, akishikilia chuma, akiliita jina la mume wake. Hilaire alisukuma gesi hadi mwisho. Kamate aliangalia vipimo viwili vya mwendo wa moteri mbele yake, mishale ikapanda pamoja, ikasimama pamoja. Hakuna mtetemo.

"Zinakwenda sawa?" Hilaire aliuliza.

"Zinakwenda sawa."

Walizunguka kwenye maji matupu, kisha wakarudi. Mukamugema aliaga akiwa hana sauti tena. Kamate alibeba vyombo vyake, akamfuata hadi barabarani, na hapo ndipo alipomwambia kila kitu.

Mukamugema hakulia. Aliuliza jambo moja tu.

"Ulikuwa unajua tangu tupande?"

"Ndiyo, mama."

Alimtemea mate usoni, akakimbia kuwatafuta wavuvi.

Walimkuta Nizeyimana jua likielekea kuzama, katika matete ya Nzulo. Mguu wake ulikuwa umekatwa chini ya goti. Alikuwa ameufunga kwa mkanda wake mwenyewe, na mikono yake ilikuwa bado imekumbatia nusu ya pirogi. Mzee aliyemtoa alisema mwili ulikuwa haujakakamaa. Alikuwa amekufa muda si mrefu.

Hilaire alikuja kwenye matanga na mifuko ya mchele na viti vya kukodi. Aliwaambia wazee, kwa huzuni kubwa, kwamba fundi wake alichukua kanoti asubuhi ile bila ruhusa. Kamate alikuwa pale nyuma. Wakamgeukia wote. Alisema haikuwa hivyo, naye Mukamugema akaulizwa.

"Aliyeendesha asubuhi ile simujui," alisema. "Huyu alikaa na mimi mu kanoti, nikiita bwana yangu, akanyamaza."

Walimpiga hadi askari walipokuja kumchukua.

Baada ya siku kadhaa Hilaire alifika mwenyewe kwenye mlango wa kasho, chumba cha mahabusu, akaongea na mkubwa wa pale, na Kamate akafunguliwa.

"Moteri ya kushoto inagoma kuwaka," Hilaire alimwambia. "Twende. Mambo mengine nitapanga."

Kamate alitoka naye hadi barabarani. Gari lilikuwa linangoja, mlango wazi. Alilipita, akashika njia ya Mapendo, akichechemea. Hilaire alimwita kwa jina, kisha kwa matusi. Hakugeuka.

Olive, mke wake, alimchemshia maji ya kuoga, akamwosha mgongo palipokuwa na vidonda. Kamate alikuwa hajamaliza kula askari wale wale wa kasho walipobisha hodi.