Sala Ndani ya Kibati

Kiti cha msusi pale Kenyatta Market ni kiti cha kuungamia, ila padri hayupo. Mwanamke akishakaa na vidole vikaanza kazi kichwani, ulimi nao hufunguka: mume amehama chumba, binti amerudi na tumbo, shemeji ameuza shamba la marehemu. Nyawira alikuwa ameyasikia hayo tangu ujana, na sasa alikuwa amepita arobaini. Alijua kusikiliza, hata wengine walirudi kwake nywele zikiwa bado mpya. Siku moja Emmah, mteja wake wa miaka mingi, alimshika mkono akamwambia, "Wewe ungekuwa counsellor kwa ofisi, si hapa kwa moshi ya nyama choma ya majirani." Neno hilo lilimwingia Nyawira likakataa kutoka.

Akavaa viatu vya kanisani akaenda mjini, kwenye chuo kimoja kilichopanga juu ya duka la simu, kuulizia digrii ya ushauri nasaha kwa watu wazima. Karani wa usajili, Oduor, alikuwa mtu mpole. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akakitazama cheti chake cha kidato cha nne.

"Auntie, umri uko nayo. Experience pia uko nayo, watu wazima tunawaangalia hapo. Shida ni hii grade. Mature entry haimaanishi unaingia tu hivi. Hapa kwetu tunataka C, na wewe uko na D."

"Sasa nifanye aje?"

"Rudia mtihani kama private candidate. Ukipata C, kuja. Mimi mwenyewe nitakupokea."

D ile aliipata akiwa na mimba ya Ciru, akisinzia juu ya dawati na kukimbilia choo katikati ya karatasi ya hesabu. Ciru sasa ameolewa, ana mtoto wake. Lakini cheti hakijui hayo. Cheti ni kama jirani mbaya, hukumbuka aibu yako tu.

Mwaka mzima Nyawira alisoma. Kitabu kilikaa juu ya kabati la mafuta ya nywele, na wasusi wenzake wakamwita Mama Form Four. Alicheka nao, akasoma. Kule nyumbani Kabiria, mtu mmoja hakumcheka: mamake mzazi, Virginia, aliyekuwa akiishi naye. Virginia alijua kuchekwa. Alijifunza kusoma katika darasa la ngumbaru, lile la watu wazima kwenye ukumbi wa kanisa, akiwa tayari na mjukuu, na mpaka leo aliandika kwa herufi kubwa zilizopinda kama ua wa mabati.

"Mimi nilianza A nikiwa na mvi," alikuwa akimwambia. "Wewe utashindwa na nini?"

Jumapili ya kabla ya mtihani, kanisani mwao huombewa watahiniwa. Kila mmoja hupita mbele na kalamu zake, mchungaji akaziwekea mkono. Nyawira alipanga foleni na watoto waliovaa sare, ameshika kibati chake cha jiometri, uso ukimwaka kwa haya. Aliporudi kwenye benchi, mamake alikiomba kibati, akakipakata mapajani ibada nzima. Nyawira aliona ni mapenzi tu. Na kweli yalikuwa mapenzi.

Siku ya karatasi ya hesabu alikuwa ametulia kuliko alivyotarajia. Mlangoni mlinzi, Joyline, alimpapasa, akakifungua kibati, akakifunga. Swali la kwanza Nyawira akaliweza, la pili pia. Alipofika la mchoro, bikari ilikuwa imekwama kwenye plastiki ya chini ya kibati. Akaivuta kwa nguvu, ile plastiki ikang'oka, na karatasi iliyokunjwa ikaanguka sakafuni.

Aliutambua mwandiko kabla hajasoma. MUNGU SHIKA MKONO WA NYAWIRA USITETEMEKE.

Msimamizi, mwanamume aliyeitwa Lazarus, aliiokota, akaisoma, akamtoa nje. Polisi wa kulinda mtihani alikuwa amesimama pale mlangoni.

"Mama, mimi pia naomba Mungu," Lazarus akasema kwa sauti ya chini. "Lakini karatasi ni karatasi. Sheria haina dini. Na huu mwandiko si wako, nimeona paper yako. Nani amekuwekea? Mtaje. Huyo ndiye atajibu kwa polisi, na wewe pengine utahurumiwa."

Hapo Nyawira alimwona mamake waziwazi: amevaa kitambaa chake cheupe cha Jumapili, amekaa kwenye benchi la kituo cha polisi, akijaribu kueleza kwamba alikuwa anaomba tu.

"Ni yangu," akasema. "Niliandika na mkono wa kushoto."

Lazarus aliitazama tena ile karatasi. Alijua ni uongo. Akaandika ripoti yake, polisi akaandika jina la Nyawira, kisha wakamwachia aende nyumbani.

Jioni mamake alimngoja mlangoni, anacheka kama msichana. "Uliiona?"

"Niliiona, maitu," akamwita mama kwa Kikuyu chao.

"Ilikusaidia?"

"Sana."

Wiki iliyofuata wanawake wote wa kanisa walijua kwamba Virginia alimwingiza Mungu chumba cha mtihani, na Mungu akaonekana. Nyawira alisikia hayo akasuka nywele. Maji yakimwagika hayazoleki.

Matokeo yalipotoka, simu yake ilileta ujumbe mfupi kwamba yake yamefutwa. Hakukuwa na C, wala D. Mamake alimuuliza amepata nini.

"Nimeanguka, maitu. Hesabu ilinishinda."

"Na ile sala?"

Nyawira akainama akafungua viatu vyake. Mamake aliinuka akaenda kuchambua maharagwe yaliyokuwa yamekwisha kuchambuliwa.

Jumapili Nyawira alimkuta bado kitandani, kitambaa cheupe kimetundikwa msumarini.

"Vaa twende, maitu. Tumechelewa."

"Enda wewe." Virginia alikuwa ameutazama ukuta. "Maisha yangu yote sijawahi kumwomba Mungu kitu. Babako alikufa, nikashukuru. Shamba likaenda, nikashukuru. Nikamwomba hiki kimoja. Na alisoma, kwa sababu niliandika na herufi kubwa, na wewe mwenyewe ulisema uliiona. Alisoma akanyamaza. Sasa na mimi nitanyamaza."

Ukweli ulimfika Nyawira kwenye ulimi. Sentensi moja tu, na mamake angerudishiwa Mungu wake. Lakini sentensi hiyohiyo ingemwambia kwamba mkono uliomwangusha mwanawe ulikuwa wake mwenyewe, na kizee wa umri ule angeubeba wapi mzigo huo? Miaka yote kule sokoni Nyawira alikuwa na neno kwa kila mwenye msiba. Leo alikosa hata moja.

Mungu amezoea kusingiziwa, alijiambia. Mamake hajazoea.

Akalichukua blanketi akamfunika miguu, kisha akaenda kanisani peke yake. Walipomuuliza Virginia yuko wapi, alisema anaumwa.