Maombi ya Kazi ya Marehemu Jovia Poni

Shamim alikuwa anapuliza vumbi kwenye printa wakati Rosa Kiden alipoingia dukani akiwa na mjukuu mgongoni. Ilikuwa siku ya soko mjini Koboko. Nje, bodaboda zilizobeba magunia ya mihogo mikavu kutoka upande wa Kongo zilikuwa zimeziba njia, na muuza chapati alikuwa akigombana na mmoja wa madereva kwa sababu ya moshi. Duka la Shamim lilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta, printa, mashine ya kutolea nakala na benchi la wateja. Juu ya mlango alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: BARUA ZA AINA ZOTE.

Rosa alikaa, akamfungua mtoto mgongoni na kumpakata.

"Nataka barua ya kulalamika," alisema.

"Juu ya nini, mama?"

"Juu ya Jovia."

Shamim hakuhitaji kuelezwa zaidi. Jovia Poni alikuwa binti pekee wa Rosa. Alisomea ukunga Arua, akafaulu, akarudi nyumbani na kuanza kuomba kazi katika kituo cha afya cha ng'ambo ya mto, upande wa Lobule, ambako nyumba ya mkunga ilikuwa imekaa tupu hata majani yakaota mlangoni. Barua zote za maombi Shamim ndiye aliyezichapa. Jibu halikuja hata moja. Kisha Jovia akaolewa na dereva wa malori ya Juba, akapata mimba, na uchungu ukamshika mwezi wa Mei, wakati mvua ilikuwa imekata barabara ya kwenda hospitali. Akapelekwa kwenye kituo kile kile. Walikuwapo mlinzi na msichana wa kugawa dawa za malaria. Mtoto alitoka salama, lakini damu haikukata. Jovia akiwa amelala kitandani aliwaelekeza wale wawili cha kufanya, wapi pa kubonyeza, sindano ipi itafutwe kabatini. Sindano haikuwapo. Aliendelea kuwaelekeza mpaka sauti ikamwishia. Alizikwa nyuma ya nyumba ya mama yake.

Shamim alifundishwa kuandika barua na marehemu baba yake, aliyekuwa karani wa jeshi. Mzee alikuwa akisema kwamba barua ya malalamiko ina kazi ya kueleza nani, wapi, lini, kimetokea nini na mlalamikaji anataka nini, na yote hayo yaenee kwenye ukurasa mmoja. Kwa hiyo Rosa alisimulia, akalia, akanyamaza, akasimulia tena, na Shamim akawa anachapa yale ya katikati. Alichapa kwa Kiingereza, kwa kuwa ofisi hupenda hivyo, kisha akamsomea Rosa kwa Kiswahili.

Rosa alisikiliza hadi mwisho.

"Kilio yangu iko wapi?" aliuliza.

"Kilio hapana ingia ndani ya barua ya ofisi, mama. Wakiona kilio wanaweka barua kando."

"Sawa."

"Imebaki kusema wewe nataka nini."

"Nataka mtoto yangu."

"Hiyo hawawezi. Sema kitu wanaweza."

Rosa alimtazama mjukuu wake, aliyekuwa ameshika ncha ya kitenge na kuitia mdomoni. "Basi walete mukunga," alisema.

Shamim aliandika hivyo. Rosa akaweka dole gumba lake chini ya ukurasa, na barua ikapelekwa Arua kwenye Bodi ya Ajira za Afya.

Wiki iliyofuata alikuja Jovia mwenyewe. Alisubiri kwenye benchi nyuma ya kijana aliyetaka picha za pasipoti. Alikuwa amevaa gauni jeupe alilozikwa nalo, limepigwa pasi vizuri isipokuwa pindo, ambalo lilikuwa na udongo. Mkononi alishika bahasha yenye vyeti vyake. Zamu yake ilipofika alimwamkia Shamim, na Shamim akampa pole kwa yaliyompata.

"Asante, mama," Jovia alisema. "Nasikia ile nafasi bado iko wazi. Nataka kuomba tena."

Shamim alifungua faili lake kwenye kompyuta. Barua ya mwisho ilikuwapo. Ilihitaji kubadilishwa tarehe na mambo machache. Tatizo lilikuwa fomu ya kuambatanisha, ambayo ilikuwa na sehemu ya hali ya afya. Katika barua za kazi Shamim alikuwa mkali kuhusu jambo moja, kwamba mwombaji asidanganye, maana uongo ndio kitu cha kwanza bodi hukitafuta.

"Hapa tuandike nini?"

"Andika marehemu."

Shamim akaandika. Wakafika kwenye uzoefu wa kazi. Zamani sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa dhaifu, kwa sababu Jovia hakuwa na la kusema ila mafunzo ya hospitalini. Safari hii alifikiri kidogo, kisha akatamka maneno yake polepole ili Shamim aweze kumfuata.

"Nimeshuhudia kifo kimoja cha mzazi kwa kutokwa na damu, tangu mwanzo hadi mwisho. Ninajua kilichokosekana."

Shamim alichapa neno kwa neno. Alipoisoma barua nzima aliona kwamba hakuwa amewahi kuandika nyingine nzuri kama ile. Ilikuwa fupi, haikuomba huruma, na kila kilichokuwamo kilikuwa kweli. Alimtolea nakala ya kubaki nayo, akamsindikiza hadi mlangoni.

Siku zile za kungoja jibu Jovia alikaa kwa mama yake. Alifagia ua, akapalilia mihogo, mihogo mingine ikiwa juu ya kaburi lake mwenyewe. Mtoto alimtambua. Akiwa na njaa alimgeukia na kumtafuta kifuani, na kwa kuwa maziwa hayakuwapo, Jovia alimbembeleza tu mpaka Rosa alipofika na kikombe cha maziwa ya ng'ombe. Majirani waliopita walimsalimu na kumuuliza kama bodi imejibu. Wengi walikuwa na watoto waliosoma na kukaa nyumbani, na walijua jinsi kungoja kunavyochosha.

Jibu lilikuja. Jovia aliitwa Arua kwa mahojiano. Rosa asingeweza kumwacha mtoto, kwa hiyo Shamim alifunga duka akaenda naye. Kwenye korido ya bodi walikuta wasichana wengine na bahasha zao, wote wakiwa wamesuka nywele upya. Kulikuwa na joto na mlango wa chumba cha mahojiano uliachwa wazi, hivyo Shamim aliyasikia yote kutoka kwenye kiti chake.

Mwenyekiti aliitwa bwana Afedra. Alikuwa mtu mpole mwenye miwani, na alimkaribisha Jovia kiti.

"Kwa nini umechagua kituo kile? Wengi hawakitaki. Ni mbali."

"Ninakifahamu, bwana. Nilifia pale."

Bwana Afedra aliandika. Mama mmoja wa bodi akamuuliza angefanya nini mzazi akitokwa na damu nyingi na dawa hakuna. Jovia akaeleza kwa utulivu, hatua kwa hatua, na yule mama akamshukuru kwa maelezo yake. Wakamuuliza kama ana mtoto. Akasema anaye, na bibi yake anamlea. Wakamuuliza angeweza kuanza lini.

"Leo," alisema Jovia.

Alipotoka, msichana aliyefuata alimshika mkono wa gauni na kumuuliza kwa sauti ya chini wanauliza nini mle ndani. Jovia alisimama akamweleza maswali yote, pamoja na majibu.

Barua ya bodi ilifika Koboko baada ya mvua kupungua. Ilisema kwamba bodi imependezwa na sifa zake, lakini inasikitika kumjulisha kwamba nafasi hiyo ilikwisha kujazwa tangu mwaka juzi.

Shamim alirudi Arua peke yake, kwa sababu barua ile haikumwingia akilini. Bwana Afedra alimpokea vizuri, akafungua kabati, akamwonyesha jina la mkunga wa kituo kile. Lilikuwa la binti wa ndugu wa mkubwa mmoja. Binti huyo alikuwa akiishi Kampala, na mshahara wake ulikuwa ukimfuata huko kila mwisho wa mwezi.

"Lakini yeye hapana fika Lobule hata siku moja," Shamim alisema.

"Najua, mama."

"Na Jovia iko tayari."

Bwana Afedra alivua miwani akaifuta kwa tai. "Yule yuko hai, ila hayupo. Huyu yupo, ila hayuko hai. Karatasi zetu zinamtambua yule wa kwanza. Mimi sikuzitunga." Kisha akamuuliza kama amepata chai.

Shamim alimweleza Jovia yote. Walikuwa wameketi uani kwa Rosa, mtoto akitambaa katikati yao. Jovia aliuliza jambo moja tu, kama mlinzi wa kituo bado ni yule yule. Shamim akasema ndiye. Asubuhi yake Jovia alivuka mto, akamwomba mlinzi ufunguo wa nyumba ya mkunga, naye akampa. Aling'oa majani yaliyoota mlangoni, akachemsha vyombo, akatandika kitanda. Jioni hiyo hiyo mwanamke wa kwanza akaletwa kwa baiskeli.

Habari zilisambaa, hata wanawake wakawa wanatoka mbali kama Lurujo. Jovia hakulala wala hakuhitaji chakula, na hakuna aliyemkuta hayupo. Dawa zikikosekana alijua wa kumwomba, maana wanawake aliowazalisha walikuwa na waume na kaka waliokuwa wakienda Kongo na Sudan Kusini kibiashara. Msimu wa mihogo ukaisha, ukaja wa simsim, na hapakuwa na mzazi aliyekufa katika kituo kile. Bodi haikumwandikia, na mshahara uliendelea kwenda Kampala.

Ndipo lilipokuja jibu la barua ya Rosa. Alilileta dukani bila kulifungua. Shamim alisoma kimya kwanza, kisha akalazimika kulisoma kwa sauti.

"Wanasema wamechunguza. Wanasema wameona kituo kina mukunga, na tangu wachunguze hakuna mama amekufa. Kwa hivyo malalamiko yako haina msingi. Wamefunga faili."

"Soma tena."

Shamim akasoma tena.

"Huyo mukunga wanasema ni nani?"

"Hawakutaja jina."

"Ni Jovia."

"Ni Jovia, mama."

Rosa aliichukua karatasi akaikunja mara nyingi, ikawa ndogo kama kipande cha sabuni. "Basi Jovia amefunga faili ya Jovia," alisema, akainuka, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda zake nyumbani. Shamim aliketi mbele ya kompyuta bila kuchapa kitu mpaka mteja mwingine alipokohoa. Alifikiri kuhusu barua ile aliyoiandika mwenyewe. Ilikuwa imeomba kituo kipate mkunga, na hakikuwamo kitu kingine ambacho bodi ingeweza kujibu. Kwa mara ya kwanza tangu afungue duka alijiuliza kama haingekuwa heri angekiacha kilio kikae ndani.

Malalamiko ya pili kuhusu kituo kile yaliletwa na mwanamke mwingine, jina lake Margarita, mke wa fundi baiskeli. Alikuwa amejifungua mapacha, wote wazima, na alikuwa na aibu kidogo.

"Mimi hapana taka matata," alisema. "Mukunga ni mzuri sana. Lakini mikono yake iko baridi. Akinishika naona kama jiwe ya mtoni. Wanawake wote wanasema, basi tu wanaogopa."

"Umemwambia yeye mwenyewe?"

"Naona haya."

Shamim alitaka kukataa. Lakini alikuwa ameandika juu ya mlango kwamba ni barua za aina zote, na Margarita alikuwa anasema kweli. Aliandika mistari michache, nani, wapi, kimetokea nini. Mlalamikaji anaomba mkunga awe na mikono yenye joto.

Barua hiyo ilijibiwa upesi kuliko yoyote aliyowahi kutuma. Bodi ilipeleka onyo moja kwa moja kituoni, kwa mjumbe wa pikipiki, lenye mhuri na sahihi ya bwana Afedra. Shamim alikuwapo siku hiyo, alikuwa amepeleka sabuni na pamba. Jovia aliisoma barua akiwa amesimama mlangoni. Ilimkumbusha kwamba wagonjwa wana haki ya kuhudumiwa kwa staha, na ikamtaka arekebishe kasoro hiyo mara moja.

"Pole, binti yangu," Shamim alisema. "Barua ya Margarita niliandika mimi."

"Imeandikwa vizuri," Jovia alisema. Hakuwa anatazama maneno ya onyo. Alikuwa anatazama juu, mahali pa jina la mpokeaji, palipoandikwa: Mkunga Jovia Poni. Katika barua zote alizowahi kuiandikia bodi, na zile chache ilizomwandikia yeye, hapakuwa popote ambapo maneno hayo matatu yalikaa pamoja. Alimwomba Shamim atoe nakala ampelekee mama. Rosa aliitia kwenye fremu, akaitundika sebuleni, na wageni wanaojua kusoma humwambia kwamba ni onyo. Yeye huwajibu kwamba anajua.

Tangu hapo Jovia huweka sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, na kabla ya kumgusa mwanamke yeyote hutumbukiza mikono humo kwanza. Wanawake wameacha kulalamika. Wengine huja na mkaa wao. Kampala, yule binti alipandishwa cheo mwaka huu.

Jumapili, baada ya misa, Rosa huvuka mto na kumpeleka mtoto kwa mama yake. Mtoto sasa anatembea, na hukimbia mbele. Jovia humwambia angoje. Hukaa na mikono majini mpaka ipate joto, huifuta kwa kanga, ndipo humpakata, na hukaa naye hivyo kwenye ngazi ya nyumba ya mkunga mpaka lile joto limwishie.