Herufi Niliyopewa na Shemeji

Katika ofisi yetu ya mtambo wa maji huruhusiwi kuandika programu mpaka upewe herufi. Sitanii, ingawa najua nimezoeleka kwa utani kiasi kwamba hata nikisema naumwa jino watu hushika mbavu kwanza, halafu ndio waulize jino gani. Desturi hiyo aliianzisha mzee mmoja aliyekwisha kustaafu. Kila mwandishi wa programu ana herufi yake, na kila jina analolitunga humo ndani lazima lianze na herufi hiyo, ili hesabu ikienda kombo ijulikane mara moja nani wa kuzomewa. Mzee alikuwa B. Shemeji yangu ni S. Ukiona SDAWA au STANGI, ujue hapo kapita mume wa dada yangu.

Mimi nikapewa K.

"K ya nini?" nilimuuliza shemeji, birika mkononi, maana siku ya kupewa herufi mgeni ndiye anayewamiminia wenzake chai.

"Ya kelele."

"Basi S ni ya shibe," nikasema, nikilitazama tumbo lake lilivyokaa mezani kabla yake.

Ofisi nzima ikacheka, na yeye akacheka kuwashinda wote. Tulikuwa hivyo. Tangu alipomwoa dada yangu, sikumbuki tumewahi kusalimiana bila kutupiana neno. Yeye ndiye aliyenitoa kwenye kibanda nilimokuwa nabadilisha vioo vya simu, akanileta mtamboni, akanipa kochi la sebuleni kwake nilalie. Kila jioni, kwenye nyumba yao ya kazi nyuma ya ua wa mtambo, tulikula sahani moja. Alipenda kunisogezea kipande kikubwa cha nyama halafu akakirudisha upande wake nikiangalia pembeni. Nilimpenda mtu yule, nasema kweli.

Kazi niliyoletewa ilikuwa hii. Hesabu ya dawa ya kusafishia maji ilikuwa inafanywa na mashine kongwe, kubwa kama kabati la nguo, yenye mngurumo wa mtu mwenye mafua. Meneja, mama mmoja mnyoofu asiyejua kucheka saa za kazi, alikuwa ameagiza mashine mpya ndogo. Nilitakiwa kuihamisha programu kutoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu. Nikifaulu, naajiriwa. Nikishindwa, narudi kwenye vioo vya simu, na bibi kizee anaendelea na kazi yake.

Tatizo ni lahaja. Programu ile imeandikwa kwa lugha ya zamani, na lugha hiyo, kama lugha za watu, kila mji ulioihifadhi uliipinda kidogo. Neno lile lile, mashine hii inaliona salamu, ile inaliona tusi. Nilichojifunza nilijifunzia kwenye mashine kongwe, kwa mdomo wa shemeji, bega kwa bega. Alikuwa mwalimu mzuri. Alinionyesha mistari inaanzia wapi na inaishia wapi, na kwamba herufi inayovuka ukingo wa kulia mashine haiioni hata ukiipigia magoti. Nilipomuuliza kuhusu mstari wa kwanza kabisa, ule uliokaa juu ya kila ukurasa kama kofia, alinipungia mkono.

"Hapo mzee alikuwa anaitangazia mashine aina za majina. Ni lahaja ya huyu bibi tu. Mashine mpya inajitambulia yenyewe. Ukifika kuhamisha, ufute."

"Niufute kabisa?"

"Shemeji, nimewahi kukudanganya?"

"Kila siku, kwenye nyama."

Akacheka. Nikaufuta.

Mashine mpya ilikuwa ya kufungwa chumba cha pampu, na vibarua kama mimi hatukuruhusiwa kuingia huko mpaka siku ya jaribio. Kwa hiyo shemeji alijitolea kuipima programu yangu mwenyewe. Jumapili, tukiwa tunaosha vyombo, mimi nikisugua naye akisuuza, akaniambia, "Jana nilikwenda kazini kwa ajili yako. Nimeiendesha kwenye mashine mpya. Imetoa mbili nukta saba, inameremeta kama jino la bibi harusi."

Mbili nukta saba ndiyo ilikuwa jawabu sahihi: kilo za dawa kwa tangi la majaribio. Nilimrushia povu usoni kwa furaha. Dada alikuwa mlangoni, kitambaa begani. Yeye hakucheka. Nikadhani amechoka.

Siku ya jaribio tulikusanyika chumba cha pampu: meneja, shemeji, mimi, na mpimaji wa maji, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuzidi pampu zote. Kazi yake ni kuchota maji kikombeni na kutamka kama yanafaa kunywewa. Alikuwa ameshapima kwa mkono wake. "Mbili nukta saba," alisema. "Sasa tumsikie huyo mtoto wa kiwandani."

Nikabonyeza. Kioo kikawaka. Kikaandika mbili.

Si mbili nukta saba, mbili kavu, kama mtu aliyekatwa ulimi katikati ya sentensi.

Nikabonyeza tena. Mbili. Mpimaji alinitazama kwa huruma, na hapo ndipo nilipoogopa, maana mama yule hana huruma na mtu.

"Kwa hiyo robo ya dawa na ushee inapotea njiani," meneja alisema. "Leo ni tangi la majaribio. Yangekuwa maji ya watu?"

"Mama, hii imeshapimwa," nikasema. "Shemeji aliiendesha hapa hapa Jumamosi, ikatoa sawa. Na yeye ndiye aliyeniambia nifute mstari wa juu. Shemeji, sema basi."

Shemeji alinitazama. Halafu akacheka. Kile kicheko chetu cha mezani, kile kile, na mkono wake ukanipiga begani.

"Mama, huyu mnamjua. Juzi kamwambia mlinzi kuwa kiboko kaingia kwenye bomba, mlinzi akakimbia. Mimi nimwambie afute mstari? Miaka yote hii niufute mimi nisiyewahi kuugusa? Anatania tu, shemeji yangu. Akibanwa, anatania."

Mlinzi alikimbia kweli. Nilitazama uso wa meneja, nikaona jinsi kila mzaha niliowahi kuutoa ofisini ulivyokuwa umejipanga pale, kila mmoja ukinyoosha kidole kwangu. Sikuwahi kujua kicheko kinaweza kukatwa kikageuzwa kisu, tena na mtu uliyekigawana naye.

"Nenda ukapumzike," meneja aliniambia. "Nitaamua jioni. Mashine ya zamani ibaki."

Shemeji aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama mtu aliyefiwa na jirani asiyemjua vizuri. Wakatoka.

Mpimaji alibaki akiosha vikombe vyake. "We mtoto," akasema bila kugeuka, "Jumamosi gani unayoisema?"

"Juzi hii."

"Nilikuwa zamu juzi hii. Hiyo mashine ilikuwa ndani ya boksi lake, na boksi nililikalia mimi nikila mchana. Fundi wa kuifunga alikuja jana. Huyo shemeji yako aliendesha nini, makalio yangu?"

Siku nyingine ningeanguka chini kwa kucheka. Niliwaza povu lile nililomrushia.

"Niachie dakika chache na hii mashine," nikamwomba.

"Mimi sioni kitu. Naosha vikombe."

Nikachukua jina langu moja, KDAWA, nikalibadilisha popote lilipotokea, nikaandika SDAWA. Kioo kikasema mbili nukta saba. Nikarudisha K: mbili. Nikajaribu L: mbili. M: mbili. A: mbili nukta saba. Nikajaribu herufi zote, moja moja, kama mtu anayegonga milango mtaani akitafuta mwizi wake, mpaka nikaelewa. Lugha hii ya zamani, usipoitangazia aina ya jina, inajiamulia kwa kuangalia herufi ya kwanza. Majina yanayoanza na I hadi N inayaona ya namba nzima, na kila kilicho nyuma ya nukta inakitupa. Mengine yote inayaachia nukta zao. Mstari ule wa juu ndio uliokuwa ukiiambia: hapa yote yana nukta. Mashine mpya nayo ilikuwa na namna yake ya kuambiwa hivyo, kwa maneno tofauti kidogo tu. Mstari ule ulitakiwa kutafsiriwa. Haukuwa wa kufutwa.

Shemeji aliijua lugha ile kama anavyoujua mchuzi wa dada yangu. Alinifundisha kila kitu isipokuwa hicho. Na kati ya herufi zote zilizokuwa wazi, alinichagulia mimi K, akacheka, nikamimina chai.

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, nikajua yuko nyumbani. Nilivuka ua nikiwa nimekunja ngumi mfukoni. Sikumkuta. Nilimkuta dada, amekaa jikoni kwenye kigoda, anachambua mchele.

"Karibu ule," akasema. Hakuuliza jaribio limekwendaje.

Ndipo nilipojua. Dada yangu huuliza hata ndoto niliyoota.

"Dada, uliambiwa?"

Vidole vyake viliendelea na mchele. "Mdogo wangu, kaa kwanza."

"Uliambiwa lini?"

"Alisema haitakuumiza. Alisema watasema tu hujakomaa, utapata kazi kwingine. We kijana, mchangamfu, watu wanakupenda. Yeye je? Hiyo mashine ya zamani anaijua yeye peke yake. Ikitolewa, na yeye anatolewa. Na hii nyumba ni ya kazi. Unataka nikalale wapi na mtoto huyu?" Akagusa tumbo lake, ambalo ndiyo kwanza lilikuwa linaanza kuonekana. Hata hilo nilikuwa sijaambiwa.

"Ungeniambia mimi. Nisingeikubali kazi."

"Ungelikataa? Wewe uliyekuwa unaimba bafuni?"

"Ungeniambia, dada. Ningejua la kufanya. Mimi ni damu yako."

"Na yeye ni mume wangu." Alisema polepole, bila hasira, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini hawezi kubebwa. "Nilitaka kukwambia Jumapili. Mkawa mnarushiana povu."

Nikatafuta neno la kumchekesha, kwa mazoea tu. Halikuja.

"Naenda kwa meneja," nikasema.

"Utamfukuzisha?"

"Naenda kusema Jumamosi mashine ilikuwa wapi. Mengine atayaamua yeye."

"Ukitoka hapa kwa hilo, mdogo wangu, usirudi kula."

Sahani yangu ilikuwa tayari mezani, imefunikwa. Nikaiacha hivyo hivyo.

Meneja aliita watu wote chumba cha pampu. Safari hii sikusema maneno mengi, na wala sikumtazama mtu. Niliandika mstari wa juu upya, kwa lahaja ya mashine mpya, nikabonyeza. Mbili nukta saba. Nikaufuta, kama nilivyoambiwa, nikabonyeza. Mbili. Nikaurudisha. Kisha nikasema, "Mpimaji ana neno kuhusu Jumamosi."

Shemeji akaanza kile kicheko. "Mama, jamani, huyu na mama wa vikombe wamepanga mchezo…"

"Mimi sina shemeji hapa," mpimaji alimkata. "Mashine ilikuwa kwenye boksi. Nililikalia. Muulize na fundi."

Kicheko kilimfia shemeji mdomoni, lakini meno yalibaki nje, hakujua ayapeleke wapi. Alinigeukia. Sasa hakuwa anatania.

"Shem," akasema kwa sauti ya chini, "nilikutoa kibandani."

"Ndiyo," nikajibu. "Na mimi nilikuamini."

Meneja aliongea na shemeji kwanza. "Ungekuja kuniambia unaogopa kazi yako, tungekaa tukaongea. Mtambo huu unanywesha mji mzima, halafu wewe unachezea dawa. Kesho usije. Nyumba nitakupa muda uhame." Halafu akaniambia mimi: "Wewe kesho uje. Ubadilishe na hiyo herufi, sitaki kuiona."

Niliajiriwa, basi, hivyo. Watu wakanipa mikono. Mpimaji akanipiga mgongoni nusura nitapike, akaniuliza kwa nini sichangamki. Nikamwambia nina njaa.

Nilipofika getini, mlinzi, yule yule wa kiboko, aliniita kibandani kwake. "Dada yako kapita hapa," akasema, akanitolea begi langu chini ya meza. "Hakusema kitu. Ameliacha tu akaondoka."

Nilikaa kwenye benchi lake nikalifungua. Suruali zilikuwa zimekunjwa vizuri, pembe kwa pembe, kama anavyokunja yeye tangu tukiwa watoto. Soksi zimeviringishwa mbili mbili. Mswaki wangu upo, umefungwa kwenye karatasi. Shati la kazini lilikuwa juu kabisa, na lilikuwa bichi. Alilifua mchana ule. Hakusubiri likauke.