Matanga Bila Maiti

Tangu Stanislas aende kuvuna kakao kaskazini ya Beni asirudi, mke wake Katungu hakuomba tena. Misa alikwenda, maana Butembo mwanamke asiyeonekana kanisani huulizwa maswali. Lakini wenzake walipopiga magoti, yeye alibaki ameketi, macho kwenye mgongo wa mtu wa mbele.

Siku ile, wakiwa bado kijijini kwao upande wa Beni, majirani walikuja mbio kutoka mashambani, wengine bila viatu, wakisema waasi wameingia na mapanga. Stanislas alikuwa amebaki nyuma kufunika kakao aliyoianika. Hakuna aliyemwona akikimbia, na hakuna aliyemwona akianguka. Katungu alimshika mkono binti yake Joyeuse, wakapanda lori la watu, wakafika Butembo kwa dada yake Solange na nguo walizovaa tu.

Huko alipata kazi ya kupika kwa Harish, Mhindi mwuza mabati na misumari, ambaye alikuja Butembo angali kijana hadi Kiswahili chake kikawa cha wenyeji. Mke wake Kokila alikuwa mgonjwa wa moyo. Wanawake hawa wawili walipendana. Kokila alimfundisha Katungu kusukuma chapati nyembamba, naye Katungu akampikia sombe, majani ya muhogo, bila samaki, kwa kuwa wale hawali kitu chenye damu. Na kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya vilima, Harish alioga, akawasha taa ndogo ya shaba mbele ya sanamu zake, akatikisa kengele, akaweka maua na wali kidogo, kisha akatoka uani kulimiminia jua maji kama sadaka.

Kokila alikufa hata hivyo. Walimpeleka Kampala kupitia mpaka wa Kasindi akachomwe kwa desturi yao, kwa sababu Butembo hapakuwa na mahali pa kufanyia hivyo. Harish alirudi amenyoa nywele zote, amekuwa mdogo ndani ya koti lake. Kesho yake asubuhi Katungu akasikia kengele tena.

 Alingoja Harish amalize, akamwendea na sufuria mkononi.

"Papa Harish, unisamehe. Kila siku ulikuwa naomba Mama Kokila apone. Alikufa. Sasa uko naomba nini tena?"

Harish hakukasirika. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni, mahali alipokuwa akikaa mke wake.

"Mama Joyeuse, wakati nilikuwa kijana, nilifikiri sala ni kama kusukuma mulango. Ukisukuma na nguvu, Mungu atafungua. Baba yangu alinicheka. Alisema, Mungu haiko na njaa ya muchele yetu. Haiko mu giza, alombe taa. Mwenye iko mu giza ni ule anawasha. Donc taa ni ya kusafisha moyo yake, kidogo kidogo, kama vile unasugua sufuria. Ukiacha siku moja, masizi inarudi."

"Na Mungu anafanya nini?"

"Kazi yake. Kwetu wanafundisha: fanya yenye inakupasa, lakini matunda hapana yako. Uache mu mikono yake."

"Na moyo yako ilisafika?"

 "Leo, hapana," akasema Harish, na machozi yakamtoka waziwazi bila kuyafuta.

Katungu aliweka sufuria chini. Kwa mara ya kwanza akamweleza habari za Stanislas, namna hakuna maiti, na namna hajui amlilie au amngojee. Harish alisikiliza. Kisha akasema kwamba kwao mto ulibeba baba yake mkubwa, wakamtafuta wakamkosa.

"Kuhani alitengeneza mutu ya nyasi. Akamupa kichwa, mikono, akamuita na jina yake, wakamuchoma kama maiti. Tunaamini roho ya mutu mwenye hawakumufanyia ibada inabaki mu njia, hapana huku, hapana kule. Na batu ba kwake banabaki naye mu njia. Bibi yangu alikuwa nakaa pa mulango tangu mutoto wake alipotea. Siku ile ndiyo alisimama, akalomba maji ya kuoga."

Katungu alimwangalia kama mtu aliyepigwa kofi.

"Bwana yangu haiko nyasi," akasema. Akavua kitambaa cha kazi, akakitundika, akatoka.

Alikaa nyumbani kwa Solange bila kurudi kazini. Alikuwa angali huko wakati Éphraïm, mdogo wake Stanislas, alipofika kutoka Beni, ametapakaa vumbi. Alikataa chai. Alisema jeshi limefungua njia ya mashambani, na ndani ya mashamba ya kakao wamekuta mifupa ya watu. Mvua na wanyama walikuwa wameichanganya. Wameizika yote pamoja, shimo moja.

"Ulimuona?" Katungu aliuliza.

"Shemeji, hakuna mutu anaweza kusema huyu ni nani."

"Hata kiatu?"

Éphraïm alitikisa kichwa, akauficha uso wake mikononi.

Asubuhi iliyofuata Katungu alirudi kwa Harish. Hakusalimu.

"Ule mutu ya nyasi. Na kama baba yako mukubwa angerudi kisha?"

"Angerudi, wangemupa chakula, bangefurahi sana. Lakini hakurudi, mama."

"Mimi sitachoma. Sisi hatuchomake. Nataka kaburi."

Shangazi za Stanislas walipinga vikali. Walisema kumchimbia kaburi mtu usiyemwona ni kumwitia kifo. Katungu aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda parokiani kumwona Abbé Valère. Padri alifikiri, akasema misa ya marehemu ni ya kumkabidhi mtu kwa Nyamuhanga, yaani Mungu kwa Kinande, na Nyamuhanga hashindwi kumjua mtu wake kwa kukosa mwili. Akakubali kuja.

Walichimba kaburi kwenye shamba la Solange, kwenye mteremko nje ya mji. Joyeuse alikata mgomba wa kuzikwa mahali pa mwili wa baba yake. Walipobishana urefu, aliusimamisha, akasimama kando yake. "Kichwa yangu ilikuwa nafika hapa," akasema akigusa mahali, "na yeye alikuwa namaliza hapa." Wakakata hapo. Nguo za Stanislas hazikuwepo, basi Éphraïm alivua shati lake mwenyewe, kwa kuwa yeye na kaka yake walikuwa kimo kimoja, akauvika mgomba, akasimama kwenye baridi na koti tupu.

Harish alikuja akasimama nyuma ya watu. Alikuwa amevua viatu, nyayo zake ndani ya tope jekundu. Padri alipomaliza kunyunyiza maji ya baraka, yule mzee alisogea, akamtazama Katungu kuomba ruhusa, naye akaitikia. Akamimina maji polepole kupitia kiganja chake, midomo ikitembea bila sauti. Shangazi mmoja alinung'unika. Wengine walimnyamazisha.

"Sasa mumuite," alisema Abbé Valère.

Katungu alisogea ukingoni mwa kaburi. Joyeuse ndiye aliyeanza: "Papa!" Hapo mama yake akaanguka chini akilia kilio ambacho majirani wa kilima cha pili walikisikia, wakaacha majembe yao, wakaja, kama inavyotakiwa penye matanga.

Mazishi hayakumpa raha. Siku zilizofuata zilikuwa nzito kuliko za mwanzo. Zamani kila pikipiki iliyopunguza mwendo mbele ya nyumba ilimnyanyua kitini. Sasa zilipita, akabaki ameketi, na ule ukimya ndani yake ulimwogopesha. Kanisani alipiga magoti na wenzake. Hakuomba kitu. Alisema tu jina la marehemu, akaacha hapo.

Matanga yalipokwisha alirudi kupika. Siku moja sokoni mwuza maharagwe, mama mgeni kutoka Kirumba, aliyekwisha kumzoea, alimwuliza, "Na baba ya batoto, iko wapi?"

"Alikufa," Katungu akajibu. "Tulimuzika hapa Butembo."

"Pole, mama."

"Wasingya," akashukuru kwa Kinande, akainama kuchagua maharagwe, akitoa yaliyotobolewa na wadudu.